Umepima Chuma, Hukupima Jicho

Přerov, 14 Januari 2018

Bwana Radim Kubeša,
Studio ya Kolna, Brno

Bwana Kubeša,

Hatujuani. Jina lako nililiona kwenye tangazo lenu la Desemba, lile ambalo ndani yake ulijisifu kwamba vilengeo vya bunduki katika mchezo wa Bonde la Tisa sasa ni “vya kweli hadi nusu milimita.” Tovuti yenu ilinipa nafasi ya herufi mia tano za kulalamika. Mimi nimekagua lenzi kiwandani miaka thelathini na minne. Herufi mia tano hazinitoshi hata kuvaa miwani. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu, na jina langu nitaliweka chini, si kama hao wanaojiita Mlazombi na namba ya mwaka waliozaliwa.

Ujue kwanza kwamba mimi si adui wa mchezo wenu. Nina miaka sitini na tisa. Naucheza kila siku baada ya chakula cha mchana pamoja na jirani yangu Zdena, yeye kwake na mimi kwangu, tukisikilizana masikioni. Tumejenga kibanda karibu na bwawa la mashariki. Tuna kabichi ya kututosha hadi theluji iyeyuke, na mpaka Desemba hakuna zombi aliyewahi kuvuka uzio wetu. Hilo nalisema kwa kujivuna, na silipunguzi.

Halafu ukaja na vilengeo vyako. Ile pete ya nyuma, ambayo jicho linapita ndani yake kutafuta kijichuma cha mbele, umeichora nene kama mpini wa ndoo. Nyeusi, kali, kila mkwaruzo unaonekana. Imekula theluthi ya skrini. Jumanne zombi alinitokea nyuma ya pete hiyo. Si nyuma ya mti, bwana, nyuma ya pete! Zdena akapiga kelele, “Shoga, kushoto kwako!” Nikamjibu, “Kushoto kwangu kuna chuma, sioni kitu!” Nikaliwa mimi, akaliwa na yeye alipokuja kuniokoa, na kabichi zote zikabaki kule.

Utadhani nalalamika kwamba mchezo umekuwa mgumu. Sivyo. Mgumu naupenda. Nalalamika kwamba ni uongo. Hakuna mtu aliyewahi kulenga kwa bunduki akaona pete ya namna hiyo. Na darubini ya bunduki ya mwindaji ni uongo mkubwa zaidi, ila hiyo nitakuachia uifikirie mwenyewe.

Nasubiri jibu, na si lile la kompyuta.

Drahomíra Hanzlíková
Mkaguzi wa lenzi, mstaafu
Mwindaji


Brno, 19 Januari 2018

Bi. Hanzlíková,

Barua yako imepita meza tano kabla ya kunifikia, kwa sababu hapa hakuna anayejua barua za karatasi hupelekwa wapi. Asante kwa kuandika.

Naomba nikueleze jinsi nilivyofanya kazi hii, maana nimeifanya kwa heshima. Nilikaa wiki tatu kwenye ghala la makumbusho. Nilipima bunduki saba kwa kifaa cha fundi, kila pete, kila kijichuma, kila skrubu. Nikazipiga picha kwa kamera kutoka mahali jicho linapokaa. Unachokiona kwenye skrini ndicho kilicho kwenye chuma. Bunduki hizo nazifahamu, nimezishika na nimezifyatua.

Tangu Desemba nimepokea malalamiko zaidi ya elfu mbili. Wote wanasema jambo moja: vilengeo ni vya kweli mno, hatuoni mazombi, turudishieni ile nukta nyekundu inayoelea katikati ya skrini. Nimekataa. Ukitaka nukta inayoelea, michezo imejaa tele. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba vilengeo vyangu ni vya uongo, na nakiri imeniuma kuliko wale elfu mbili wote.

Pole kwa kabichi.

Kwa heshima,
Radim Kubeša


Přerov, 25 Januari 2018

Bwana Kubeša,

Jibu lako lina adabu, nami nitakujibu kwa adabu, ila kuna sentensi moja ndani yake ambayo tutaishughulikia mwishoni.

Fanya hivi sasa hivi, ukiwa umekaa. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba. Tazama ukucha mpaka uone mistari yake. Bila kuhamisha macho, niambie dirisha lililo nyuma yake limekuwaje. Limefifia, sivyo? Sasa inua kidole cha mkono wa pili, ukiweke karibu na uso, upana wa kiganja kutoka kwenye jicho, na uendelee kutazama ule ukucha wa mbali. Kile cha karibu kiko wapi? Kimekuwa moshi. Unaona hadi kilicho nyuma yake, kwa sababu jicho la pili linachungulia pembeni na kichwa kinaunganisha picha mbili kuwa moja.

Hiyo ndiyo pete ya nyuma, bwana. Kwa mtu anayelenga macho yote mawili yakiwa wazi, pete ni moshi. Ni duara hafifu ambalo usipolitafuta hulioni. Kijichuma cha mbele peke yake ndicho kikali, na shabaha yenyewe inafifia kidogo. Kamera yako haina jicho la pili, wala haina kichwa nyuma yake. Umepima chuma, hukupima jicho.

Kwa hiyo hao elfu mbili wanaolia kwamba hawaoni, wanadai ukweli bila kujua. Na wewe unayeutetea ukweli, umewafunika macho kwa mpini wa ndoo.

Sasa darubini. Mchezaji akiiinua, dunia yote inakuwa nyeusi na kubaki duara katikati, kana kwamba amebandika jicho kwenye kioo. Jicho hukaa mbali na kioo, vidole vinne hivi. Kuzunguka bomba unaendelea kuuona msitu, umefifia lakini upo, na zombi akitoka kichakani utamwona anasogea. Tena ungebandika jicho pale kwenye bunduki ya kweli, risasi ikitoka bunduki inarudi nyuma na ukingo wa darubini unakukata juu ya nyusi. Kila mwindaji anayeanza hukatwa mara moja tu, akajifunza maisha yake yote.

Ndipo nafika kwenye ile sentensi. Umeandika kwamba bunduki hizo umezifyatua. Hujazifyatua, bwana. Hakuna aliyewahi kufyatua ambaye angeweka jicho pale.

Sikuambii hivi kukuaibisha. Mimi hupiga shabaha kila Jumamosi kwenye uwanja wa chama chetu cha wawindaji, na kati yetu wapo wanaume wanaodanganya kuliko wewe.

Jambo la mwisho. Nina rafiki ambaye angependa bunduki ya mchezo ishikwe kwa bega la kushoto. Sasa hivi inatokea kulia tu. Je, inawezekana?

Drahomíra Hanzlíková


Brno, 6 Februari 2018

Bi. Hanzlíková,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimenyoosha kidole gumba.

Ni kweli. Sijawahi kufyatua bunduki yoyote. Kwenye makumbusho hata risasi hakuna. Baba yangu ni mwokaji mikate kule Vyškov; silaha kubwa nyumbani kwetu ilikuwa kisu cha kukatia unga uliokandwa. Nilidanganya kwa sababu ulinitikisa. Samahani.

Mchana huo, kwenye chumba cha kulia, nilikuta wenzangu wanakula supu ya kabichi. Nikawaambia wote wanyooshe vidole gumba. Watu kumi na wanne, vijiko vimewekwa chini. Mkuu wetu, Vendula, akaingia, akauliza, “Mnapigia kura nini?” Nikamwambia, “Nyoosha na wewe.” Akanyoosha. Akautazama ukucha wake, kisha akasema, “Radim, unataka kuniambia tumetumia miezi sita kuchora kitu ambacho macho yenyewe hayakioni?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi bibi huyo mlete hapa.”

Kwa hiyo nakualika rasmi Brno, Alhamisi ya tarehe 22. Tunayo bunduki ya mbao yenye uzito wa kweli. Ningependa uinue, ulenge, na utuambie unachokiona, nami nichore palepale. Tuna muda hadi mwisho wa Aprili.

Kuhusu bega la kushoto, kwa bahati mbaya hapana. Ni bunduki saba, mikono yote ichorwe upya, wiki mbili za kazi kwa ajili ya wachezaji wachache sana. Mwambie rafiki yako ajitahidi tu kuzoea la kulia, kama wengine wote.

Kwa heshima kubwa,
Radim Kubeša


Přerov, 12 Februari 2018

Bwana Kubeša,

Umekiri kiume, na jambo hilo nimeliweka kando, halitatajwa tena.

Nitakuja tarehe 22 kwa treni ya saa tatu. Usije kunipokea stesheni, najua njia. Nakuja kwa ajili ya pete na darubini.

Rafiki yangu nimemfikishia maneno yako.

D. Hanzlíková


Brno, 24 Februari 2018

Bi. Hanzlíková,

Tangu Alhamisi hapa hakukaliki. Vendula anaigiza sauti yako mbele ya kila anayepita mlangoni: “Binti, hicho si kivuli, hicho ni uzembe.” Yule binti anayechora mwanga, uliyemwambia hivyo, ameyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika juu ya meza yake. Anayaonea fahari. Nami nimechora pete mpya mara tisa. Ya tisa nadhani utaikubali.

Lakini barua hii si ya pete.

Ulipoinua ile bunduki ya mbao, wote walikuwa wanatazama skrini. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, kwa sababu nilitaka kuona shingo na mikono inakaaje, niichore. Uliweka kitako kwenye bega la kulia. Kisha kichwa chako kikavuka kitako chote, shingo ikapinda, mpaka jicho la kushoto likafika kwenye pete. Ulifanya haraka, ukashusha bunduki, ukaanza kuzungumza juu ya kitu kingine. Baadaye nilipokupa kikombe cha kahawa kutokea upande wako wa kulia, mkono wako ulikikosa.

Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Lakini nadhani hakuna rafiki. Kama ndivyo, basi nilichokuandikia tarehe 6 nilikuandikia wewe, na nikikumbuka neno “ajitahidi tu” natamani kuingia chini ya meza.

Na kwa kuwa mimi nimeona chako, sasa nakuambia changu. Mwisho wa Aprili si tarehe ya kazi, ni tarehe yangu mimi. Vendula alinipa hadi siku hiyo. Vilengeo visipokubalika, nukta nyekundu inarudi na mimi nahamishiwa kuchora makopo ya maharage na viti vilivyovunjika. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uje Brno kwa kunihurumia.

Radim


Přerov, 3 Machi 2018

Radim,

Barua yako niliikunja nikaitia kwenye droo ya uma na visu. Ilikaa humo siku nne. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Nilikwenda Brno kufundisha, na wewe umekaa unanitazama shingo!

Siku ya tano Zdena alikuja kuazima mayai. Akafungua droo, akaiona bahasha. “Hii ya nani?” Nikamwambia, “Ya yule mchoraji.” Akasema, “Amekukosea nini?” Nikasema, “Ameniona.” Zdena akacheka, akasema, “Wee Draha, mimi nimekuona mwaka wa pili sasa. Unadhani kwa nini kwenye mchezo nakaa kulia kwako siku zote?”

Sikuwa najua. Nilidhani anapenda tu upande ule.

Basi nakuandikia mara moja, sitarudia. Jicho la kulia limekufa katikati. Pembeni linaona, katikati kuna doa la kijivu. Nikilitumia hilo peke yake kumtazama mtu usoni, naona masikio na nywele, uso haupo. Daktari alisema kiini cha nyuma ya jicho kimechakaa na hakirudi. Kushoto ni kuzima, na anasema huenda kutabaki hivyo. Miaka miwili iliyopita nilikwenda mwenyewe polisi kurudisha bunduki na kibali kabla mtu hajaniambia. Kwenye chama nilisema magoti yananisumbua. Kwa hiyo na mimi nilikudanganya. Hakuna Jumamosi uwanjani. Siku hizo nakuwa bwawani na Zdena tunaua mazombi.

Na hapo kwenye skrini nilikuwa mzima, Radim. Kushoto kunatosha kabisa. Ila kila nikiinua bunduki inatokea bega la kulia, na mwili wangu umeinua bunduki kwa bega hilo tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Kichwa kinakwenda kulitafuta jicho lile la kulia. Kila risasi, kila siku, kinakwenda na hakilikuti. Ndiyo maana niliomba la kushoto.

Sasa sikiliza masharti. Usinichoree bega la kushoto kwa huruma. Ukilichora, lichore kwa kuwa duniani wapo watu wengi wanaolenga kushoto na mchezo wako unajiita wa kweli. Na usigeuze picha tu kama kwenye kioo, huo nao utakuwa uongo. Komeo la bunduki, lile linalovutwa kuingiza risasi mpya, linabaki kulia, lilikotengenezwa. Mpigaji wa kushoto hana budi kupitisha mkono juu ya bunduki kulivuta. Inachelewesha risasi ya pili, na zombi hasubiri. Wacha wajue.

Kuhusu makopo ya maharage: hutayachora. Nitumie hiyo pete ya tisa.

Draha
(Usiniite tena Bi. Hanzlíková. Umri unaniruhusu kuamua hilo.)


Brno, 27 Aprili 2018

Draha,

Nakuandikia kwa haraka, sijui utaweza kusoma.

Jana tulifanya majaribio. Wachezaji thelathini, hawajui lolote, bonde lilelile, mazombi walewale, vyumba vitatu. Kumi walipewa vilengeo vyangu vya Desemba. Kumi wakapewa nukta nyekundu. Kumi wakapewa vyako: pete ya moshi, kijichuma kikali, darubini yenye msitu wake pembeni.

Wa Desemba waliishi dakika kumi na moja kwa wastani. Mmoja aliondoka kabla ya mwisho akisema kichwa kinamuuma. Wa nukta nyekundu waliishi dakika ishirini na mbili, na walipotoka tukawauliza mchezo ulikuwaje, wakasema mzuri, wakachukua soda wakaenda.

Wako waliishi dakika ishirini. Dakika mbili tu chini ya nukta. Lakini Draha, hawakutaka kutoka! Tuliwasimamisha mlangoni tukawauliza kama vilengeo vilikuwa rahisi au vya kweli. Msichana mmoja kutoka Ostrava, mpiga shabaha wa mashindano, akasema, “Sikuviona vilengeo.” Vendula akamuuliza, “Hukuviona vipi? Umeua mazombi arobaini.” Akasema, “Nililenga tu, kama uwanjani. Mlivifanyaje?”

Vendula alinigeukia mbele ya watu wote akasema, “Pete inabaki. Na wewe unabaki nayo.” Halafu akanong’ona, “Makopo nitamtafutia mtu mwingine.”

Nilitoka nje nikasimama uani. Nina miaka thelathini na moja, nimechora vitu vingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimejiambia: hiki nimekifanya sawasawa.

Bega la kushoto limo. Nililichora asubuhi asubuhi kabla ya wenzangu kufika, wiki tano, na nilipomwonyesha Vendula sikumwambia ni la nani. Nilimwambia tu kwamba mchezo unaojiita wa kweli hauna haki ya kuchagua bega la mtu. Utalikuta kwenye mipangilio, mstari wa tatu, kati ya lugha na sauti. Kulikuwa na mtu aliyetaka kuliweka kwenye ukurasa wa misaada ya wagonjwa. Nilikataa. Komeo liko kulia. Kulivuta kunachelewesha kwa nusu sekunde na tayari wapimaji wananilaani.

Mchezo kamili unatoka Septemba. Mwishoni majina yetu yatapita. Vendula anataka jina lako liwe kwenye “shukrani za pekee.” Liandikwe vipi?

Radim


Přerov, 2 Mei 2018

Radim,

Nimemsomea Zdena barua yako mara mbili, ya pili kwa ombi lake. Ile ya “sikuviona vilengeo” akaniomba niirudie tena peke yake. Mwambie msichana wa Ostrava kwamba hakuna mkaguzi duniani aliyewahi kusifiwa vizuri zaidi.

Nimejivunia wewe. Nasema hivyo wazi, kwa kuwa najua mwokaji wa Vyškov atasema vilevile lakini kwa aibu zaidi.

Kwenye shukrani usiniweke. Shukrani hupewa mtu aliyeazima ngazi. Mimi nilifanya kazi. Andika kazi.

Draha


Brno, 17 Septemba 2018

Draha,

Kadi tu, tuna wazimu hapa. Mchezo unatoka kesho saa sita mchana. Vendula alibisha siku mbili juu ya jina lako, akisema hujaajiriwa. Nikamwambia basi na langu litoke. Amekubali. Usiguse kitufe chochote majina yanapopita, yanakwenda mbio.

Radim


Přerov, 8 Oktoba 2018

Radim,

Imetuchukua wiki tatu kuumaliza, kwa sababu Zdena hakubali kuacha kabichi bila kuvunwa hata dunia ikiisha. Jana alasiri tulivuka daraja la mwisho. Alikuja kwangu kwa ajili hiyo, tukakaa jikoni mbele ya skrini moja, keki ya plamu katikati. Nilicheza kwa bega la kushoto. Mazombi sita darajani, komeo lile la kulia linanichelewesha kama ulivyotaka, na kichwa changu hakikwenda kutafuta kitu. Kilikaa mahali pake.

Nikuambie na lingine. Mwezi uliopita nilikwenda uwanjani kwa chama, nikamwambia mwenyekiti ukweli juu ya jicho. Akasema, “Sisi tulidhani umetuchoka.” Wakanipa bunduki ya chama, yeye amesimama kando yangu. Nikaiweka bega la kushoto. Risasi kumi, saba ndani. Mwenyekiti akasema, “Umejifunzia wapi?” Nikamwambia, “Bwawani.” Hakuelewa, na sikumweleza.

Halafu majina yakaja. Yalikwenda mbio kweli. Zdena akasimama, pua karibu kugusa skrini, “Bado, bado, bado... Huyu hapa! Huyu hapa!” na mimi nilikuwa sijaona kitu, nimetazama mgongo wake. Tukavuka daraja upya. Mazombi sita tena. Safari ya pili nilimkalisha chini kwa nguvu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo halimo katika barua yoyote niliyokuandikia.

Kiwandani hatukuwa na majina. Kila mkaguzi alipewa muhuri wenye namba, na darubini ikishapita mkononi mwako unaupiga muhuri ndani ya bomba, mahali ambapo mwenye bunduki hataona labda aivunje. Wangu ulikuwa 41. Mwaka 1983 niliona kwamba mistari ya kulengea ya darubini zetu ni minene mno, inamfunika mbweha mzima kwenye mita mia mbili. Nikachora mingine, myembamba katikati na minene pembeni, ili jicho lijiendee lenyewe kati. Ilipimwa, ikakubalika, ikatengenezwa miaka mingi. Karatasi ilipelekwa ikiwa na jina la mkuu wa idara, si langu. Alinipa maua. Niliyapeleka kwa mama, nikamwambia ni ya sikukuu ya jina langu. Sikumwambia mume wangu, wala Zdena sikumwambia hadi jana.

Miaka thelathini na minne, Radim. Maelfu ya watu wamelenga kupitia mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba 41 ni mwanamke, ni wa Přerov, anaitwa nani.

Jana, safari ya pili, niliyaona majina yangu. Yalikuwa meupe juu ya weusi, chini ya jina lako, kwenye mstari mmoja na kazi yangu. Zdena aliyasoma kwa sauti kubwa, jina lote na kazi yote, akitamka kila herufi kama anayetangaza treni stesheni. Nami nilisimama, Radim. Nilisimama jikoni kwangu, kijiko mkononi, mpaka jina la mwisho la mtu wa mwisho likapita.

Drahomíra Hanzlíková,
mkaguzi wa vilengeo